Mabaharia Watano na Misumari Minne

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na ameniamuru nianze na goti lake kabla ya jambo lingine lolote, kwa hiyo naanza na goti. Asubuhi linauma, jioni linapoa, na mbele ya daktari linakataa kuuma kabisa. Mama anasema linafanya makusudi. Kaka yangu na mkewe wamepata pacha, wote wa kike, na sasa nyumba nzima inatembea kwa vidole. Mimi ni mzima. Kazini tumehamishiwa chumba cha juu chenye madirisha mawili makubwa, na wale panya uliokuwa ukiwaulizia kila barua wamebaki chini na watu wa utawala.

Sasa jambo lenyewe. Makumbusho ya bandarini wanaandaa maonyesho ya maisha ya mabaharia wa zamani, nao wanataka kuazima picha yetu ya sebuleni, miezi mitatu kuanzia Septemba. Habari zake walizipata kwangu, kwa hiyo lawama ni zangu. Kabla ya hapo mkaguzi wao atakuja nyumbani kuitazama, na ameomba itolewe kwenye fremu ili aone na mgongo wa karatasi.

Wewe unaijua kuliko mimi, lakini ni miaka thelathini na minane hujaiona, basi nikueleze ilivyo leo. Mabaharia watano wako sitahani, chini ya mlingoti, na kivuli cha tanga kimewaangukia. Mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyolewa. Mwenzake amemsimamia na mkasi mkubwa wa kukatia matanga, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wa tatu anashona tanga, wa nne amelala na kofia usoni, wa tano ametupa mgongo anavuta kiko. Pembeni kuna tarehe ya mwaka 1868 na neno moja la yule seremala wa meli aliyeichora, ambalo hakuna aliyewahi kulisoma. Babu wa babu yenu bado yuko palepale juu ya ndoo, na bado hajaridhika na kinyozi wake.

Mama amekataa. Hakukataa kuazima, amekataa kufungua. Anasema misumari minne ya nyuma uliipiga wewe asubuhi ile uliyoondoka, na nyumba hii ina desturi yake: aliyefunga ndiye afungue, au atoe ruhusa kwa mkono wake. Nikamwambia, "Mama, mimi ni fundi wa kutibu karatasi, kazi yangu ndiyo hiyo." Akanijibu, "Na mimi ni mama yako, kazi yangu ndiyo hii."

Kwa hiyo naomba mstari mmoja tu, Mjomba. Andika: Fungueni.

Mpwa wako


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia mapema, kuchelewa ni kwangu.

Nimefurahi mno kusikia habari za pacha. Waambie wazazi wao wasiwavishe nguo za kufanana. Mtu anahitaji kujulikana mapema. Kuhusu goti, mwambie dada yangu aache kupanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati. Najua bado anapanda. Hapa baridi imeanza kulegea. Chumba changu, kama ujuavyo, kiko juu ya duka la dobi, na mvuke wa pasi zake ndio unaonipasha moto. Siku akifunga duka mimi huvaa koti ndani. Nimemaliza kujalidi upya kamusi ya kanisa la jirani, kazi ya bure lakini yenye ngozi nzuri, na nimesoma tena vitabu vyangu vitatu vya safari za baharini. Nikifika mwisho narudi mwanzo, kama ng'ombe wa kinu.

Madirisha makubwa ni neema. Weka meza yako mkono wa kulia wa dirisha, mwanga ukujie kutoka kushoto. Hapana, wewe ni wa kulia. Basi fanya hivyo hivyo nilivyosema. Mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kinyume.

Kuhusu ile picha, iacheni ilipo. Karatasi kuukuu ni kama mzee aliyesinzia. Ukimwamsha ghafla hata yeye mwenyewe hajui atasema nini. Waazimeni ile saa ya babu. Ni ya melini pia, na inapiga kelele, watoto wa shule wataipenda.

Usifungue.

Mjomba wako


Tarehe 18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Mama ameacha kupanda kiti; sasa anapanda ngazi.

Umeniandikia kurasa mbili za dobi, kamusi na saa, na juu ya jambo nililokuuliza umeandika fumbo la mzee aliyesinzia na neno moja la kukataza. Umenifundisha ufundi huu kwa barua tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na hukuwahi kuniambia "usifanye" bila kuniambia kwa nini. Niruhusu basi nikueleze mambo ambayo Mama amekuficha.

Marehemu Mjomba Mkubwa, kaka yenu, mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka alisimama mbele ya ukoo mzima na kusema, akikutaja kwa jina lako la utani, "Mashoto ametuachia kivuli, kitu chenyewe ameondoka nacho." Alisema umechora picha ya kuiga, ukaitundika ukutani, ukaenda kuiuza ile ya kweli. Mama naye akasimama. Wanasema aliweka sahani chini, akafuta mikono, akamwambia, "Ndugu yangu hanidanganyi. Picha yenyewe ni hiyo hapo." Wakaachana hapohapo. Miaka kumi na mmoja hawakunywa chai meza moja, na walipoanza tena kusalimiana, ilikuwa salamu ya watu wa benchi moja hospitalini. Mjomba Mkubwa amekufa juzi juzi hivi jambo hilo likiwa limelala katikati yao.

Sasa binamu yangu, mwanawe, yule tunayemwita Wakili kwa sababu ya ubishi na si kwa sababu ya shahada, amesikia habari za mkaguzi. Jumapili alikuja, akaketi chini ya picha, akasema, "Shangazi, mnaogopa nini kufungua? Au Baba alisema kweli?" Mama akamwambia chai inapoa. Wakili akasema, "Chai ninayo mkononi, jibu ndilo sina."

Mkaguzi anakuja tarehe 14 Julai. Akisema picha ni ya kuiga, Mama atakuwa amemsusa kaka yake miaka yote hiyo kwa jambo la uongo, na mwenyewe hayupo tena wa kuombwa radhi. Ndicho ninachokiogopa, si aibu yangu kazini.

Nyuma ya picha kuna nini, Mjomba? Ukininyima jibu nitalibuni, na la kubuni huwa baya kuliko la kweli.

Mpwa wako


Tarehe 27 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa mama yako, kwa pacha na wazazi wao. Mimi mzima wa mwili. Nimeandika barua nne na kuzichana. Hii ni ya tano, na nimejiapiza kuitia kwenye sanduku la posta kabla sijaisoma upya.

Picha ziko mbili. Moja iko ukutani kwenu, nyingine iko kwangu, ndani ya bahasha ngumu, chini ya mashati. Moja ilichorwa na seremala wa meli. Nyingine niliichora mimi. Ipi ni ipi, sijui. Nilichoficha miaka yote hii ni hicho, kutojua kwangu. Sikuiba, lakini aliyeondoka na mali ya dada yake bila kujua, na akaogopa kuuliza, sidhani anamzidi mwizi kwa mengi.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule paa la sebuleni lilivuja, picha ikaingia maji, nikaipeleka karakana kuitibu. Fundi mkuu wangu, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alikuwa na sheria moja: usiguse mchoro ambao hujauchora kwanza. "Mkono ukishajua mwenzako alipita wapi," alikuwa akisema, "hutamkanyaga." Mchoro wa haraka ungetosha. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na sifa zilikuwa zimeanza kunipanda kichwani. Picha ilikuja nyumbani pamoja na daftari la safari la meli ileile, lenye kurasa tupu mwishoni. Seremala mwenyewe alichorea ukurasa wa daftari hilo, nami nikachomoa mwingine. Katika sanduku la zana la babu kulikuwa na vipande vya penseli vya enzi hizo, nikavitumia. Wiki tatu. Nilipomaliza niliziosha zote mbili, nikazilaza mezani, nikamwita fundi mkuu. Alizunguka meza mara mbili, akanyoosha kidole. Akakosea. "Potelea mbali, wewe Mashoto!" alisema, akacheka hadi akakaa. Sijawahi kufurahi vile, wala sijawahi kuilipia furaha nyingine yoyote kwa muda mrefu vile.

Kaka yangu alipita karakana siku hiyohiyo, akaziona mbili mezani. Ndiyo maana alisema aliyoyasema. Hakuwa mwongo. Alisema alichokiona, akaongeza alichokidhania.

Kisha ikaja asubuhi ile. Serikali ilinipa muda wa saa tatu niwe nimevuka mpaka. Mengine mama yako anayajua, sina haja ya kuyaamsha. Picha zilikuwa ndani ya mashine ya kubana, moja juu ya nyingine, katikati ya karatasi za kunyonya maji. Ile ya kweli nilikuwa nimeiwekea alama, kijikaratasi chekundu kilichochungulia pembeni. Nilipofungua mashine, kijikaratasi kilikuwa sakafuni.

Nikachagua kwa macho. Nikaifunga kwenye fremu, nikapiga misumari minne, nikampelekea dada yangu. Nyingine nikaiingiza ndani ya koti. Kwenye basi, baada ya mpaka, nikaitoa. Nikauona uso wa babu, ule uso wa mtu anayejuta kukaa kwenye ndoo, moyo ukaniambia: umeondoka na yenyewe. Mwaka uliofuata nikaitazama tena, moyo ukasema hapana, hiyo ni kazi yako. Mwaka wa tatu ukabadili tena. Nikaifunga ndani ya bahasha, na tangu hapo sijaifungua. Nilitaka kudanganya macho ya fundi mkuu, nikayadanganya na yangu.

Utauliza kwa nini sikuirudisha. Ningesema nini? "Dada, pokea, huenda hii ndiyo, huenda siyo"? Ningempa kaka fimbo ya kumchapia. Utauliza kwa nini sikuja, mipaka ilipofunguliwa na kila mwenzangu wa uhamishoni akarudi walau kusalimia. Ningeketi sebuleni, chini ya picha ile, nikila kwenye sahani ya mtu anayeniamini. Niliwaandikia kwamba mapafu yangu hayawezi safari. Mapafu yangu ni mazima.

Sasa fungueni. Ruhusa ni hii, kwa mkono wangu. Msomee mama yako barua yote, usimrukie mstari hata mmoja.

Mjomba wako


Tarehe 19 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pacha wameota jino moja moja, siku moja. Goti, Mama amesema nisiliandike leo.

Nilimsomea yote. Alikaa na mikono mapajani. Nilipofika mwisho akaniambia, "Rudia pale pa kijikaratasi." Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Mashoto na alama zake," akasema. "Hata viatu alikuwa akivitia alama, na bado alivaa vya kaka yake." Mwishowe akainuka, akaenda jikoni, akarudi na koleo. "Amesema fungueni. Fungua."

Misumari mitatu ilitoka vizuri, wa nne ulikatika. Uliupiga kwa haraka, ulikuwa umepinda. Mama aliiokota yote, akaitia mfukoni.

Karatasi haikunipa jibu, na baada ya maelezo yako sikushangaa: daftari moja, umri mmoja, maji mamoja. Penseli vilevile. Nikaitazama kwa lenzi asubuhi nzima. Nilikuwa karibu kukata tamaa ndipo nikakumbuka jambo la kijinga. Unakumbuka barua zako za kunifundisha kupunguza ngozi kwa kisu? Kila nilipofuata maelezo yako kazi ilinitokea kichwa chini, mpaka Mama akaniambia, "Mwanangu, huyo anaandika kwa mkono wa kushoto, na anafikiri kwa mkono huohuo." Tangu hapo nikawa nazisoma barua zako kwa kuzigeuza.

Sasa tazama mistari ya kivuli cha tanga. Yote inalalia kulia: inatoka chini kushoto, inaishia juu kulia, au kinyume chake. Ndivyo anavyotia kivuli mtu wa mkono wa kulia bila kufikiri. Mkono wa kushoto huilaza upande wa pili. Basi wewe uliwezaje? Naamini uligeuza karatasi. Na mtu akigeuza karatasi, mstari unaweza kulala vizuri, lakini mwanzo wake unahama.

Kila mstari una kichwa, mahali penseli ilipotua kwa uzito, na mkia, mahali ilipoinuliwa. Kwenye hii ya kwetu vichwa vyote viko juu, mikia chini. Huyu alikuwa akivuta mkono kuja kwake, juu hadi chini, karatasi ikiwa imekaa sawa. Sasa chukua karatasi, igeuze robo mzunguko, kichwa chake kielekee kulia kwako, tia kivuli kwa kushoto ukivuta kuja chini, kisha irudishe ilivyokuwa. Vichwa vitakuwa chini na mikia juu. Nimejaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nimechora uchafu mtupu, lakini vichwa vilikuwa chini.

Usinijibu kwa kumbukumbu, Mjomba. Kumbukumbu yako imekwishakubadilikia mara tatu. Toa bahasha, shika lenzi. Kama vichwa vya yako viko chini, yako ndiyo ya kuiga, nasi tumepona. Kama navyo viko juu, basi sijui tena, na tarehe kumi na nne haiko mbali.

Mama hali chakula vizuri siku hizi. Anasema ni goti.

Mpwa wako


Tarehe 2 Julai

Chini! Viko chini! Salamu zitafuata.

Vichwa viko chini na mikia juu, mistari yote, kwenye tanga, kwenye ndoo, kwenye shavu la babu, hata kwenye soli ya kiatu cha yule aliyelala. Nimeitazama kwa lenzi mbili. Nimeitazama mimi, kisha nimemtazamisha dobi, nisije nikawa naona ninachokitaka. Nilishuka na picha mkononi, sijavaa viatu.

"Mzee, kuna moto?" akaniuliza.

"Hakuna. Niambie, mstari huu mnene uko wapi, juu au chini?"

Akaweka pasi kando, akainama. "Chini. Juu umechongoka kama mkia wa panya. Kwani vipi?"

"Maana yake picha hii ni bandia! Niliichora mimi!"

Akanitazama kwa huruma ile wanayopewa wazee. "Na ndiyo unacheka hivyo? Mtu akiambiwa kitu chake ni bandia hulia."

Nikamwambia kuna wengine hucheka. Akanipa kiti, akanipa chai, akazima na pasi, jambo ambalo sijaliona tangu nihamie hapa.

Na sasa nakumbuka, mpwa wangu, ingawa umenikataza. Dirisha la karakana lilikuwa kulia kwangu. Kila nilipofika kwenye kivuli niligeuza karatasi, kichwa chake kikaelekea dirishani, na fundi mkuu akawa ananiuliza kwa nini meli yangu inapanda ukutani. Nililiona hilo kuwa jambo dogo mno hata sikuliweka kichwani. Nilihangaika na uso wa babu miaka yote, kumbe jibu lilikuwa kwenye kivuli cha tanga ambacho hakuna anayekitazama.

Yenyewe iko kwenu. Haikuwahi kutoka. Yule kijana aliyechagua kwa macho alichagua sawasawa.

Ndani ya barua hii kuna picha ya karibu niliyopigiwa studio, mistari inaonekana vizuri, mpe mkaguzi. Naituma kwa posta ya haraka. Kabla ya kwenda studio nililala mchana, viatu miguuni, usingizi wa mtu aliyetua gunia.

Sasa salamu: nawasalimu wote. Mwambie dada yangu ale.

Mjomba wako


Tarehe 21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya Mama.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya mkaguzi. Ni mama mmoja mnene, mpole, mwenye mkoba mkubwa kuliko wa mkunga. Nilimweleza habari yote bila kuficha. Alikaa na lenzi zake mpaka chai yake ikapoa mara mbili, akalinganisha na picha yako ya studio, akasema, "Iliyo mezani imechorwa na mtu wa kulia, na karatasi haikugeuzwa. Ya mjomba wako imegeuzwa, na mkono ni wa kushoto. Hii ndiyo yenyewe." Kisha akaitazama tena ile ya studio. "Huyu mjomba," akasema, "angefaa kukamatwa au kuajiriwa. Naomba tuzionyeshe zote mbili, kama ataniazima na yake."

Wakili alikuwapo, alijialika. Baadaye akasema polepole, "Kwa hiyo Baba aliona mbili kweli."

Nilidhani Mama atafurahia ushindi wake. Hakufanya hivyo. Alihamia kiti cha karibu naye, akamshika mkono. "Aliona mbili," akamwambia. "Baba yako hakuwa mwongo. Mashoto naye hakuwa mwizi. Mimi nilidhani lazima mmoja wao awe." Wakili akafuta macho, akasingizia mvuke wa chai iliyokwisha kupoa.

Walipoondoka wote nilimkuta Mama jikoni, anakula. Mkate, yai, na kile kiporo cha mchana. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa unajua siku zote." Akaendelea kutafuna.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa nasema najua. Ningejulia wapi? Sikuwahi hata kuona picha mbili. Ndugu zangu wawili walisema maneno mawili, mmoja alikuwa mbele yangu ana sauti, mwingine alikuwa mbali hana wa kumsemea. Nikamchagua wa mbali. Basi."

Akanawa mikono. Akasema, "Muulize sasa anasubiri nini. Na usimwandikie habari za goti, asije akapata kisingizio."

Naomba jibu, na safari hii si mstari mmoja.

Mpwa wako


Tarehe 12 Agosti

Mpwa wangu,

Mpe dada yangu salamu hizi kabla hujamsomea mengine: nimesikia alichokisema jikoni, nimekisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu vitatu, na sina neno la kukilipa. Nitajaribu kukilipa kwa kukaa mezani na kula chochote atakachoniwekea.

Mkaguzi mwambie atapata na ya pili. Nitaileta mwenyewe, ndani ya koti, kama nilivyoondoka nayo. Chini yake aandike kwamba ni ya kuiga, na kwamba aliyeiiga alikuwa wa mkono wa kushoto.

Kaburi la kaka nitakwenda siku ya kwanza, kabla ya sebuleni. Wakili anipeleke, kama hatajali. Nina jambo la kumwambia baba yake, naye anastahili kulisikia.

Nitafika Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kwa basi la asubuhi. Msije kundi zima. Pacha watachoka, nami nitasahau la kusema. Njooni wawili tu. Kutambuana hatutashindwa, ingawa wewe sijawahi kukuona: nitafute mzee mfupi aliyevaa koti la baridi kwenye jua.

Dobi amenifulia nguo zote na kukataa nimlipe. Jana nilikwenda kukata tiketi. Mama wa dirishani akaniuliza, "Kwenda na kurudi?" Nikafungua mdomo kumjibu kwa mazoea ya mtu mwenye hadhari, nikaufunga. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

"Niache kwanza nifike," nikamwambia.

Mjomba wako